Miaka Yangu na Samaki wa Maji ya Chini ya Sifuri

Furaha, aliyeshika kazi yangu sasa, aliniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijaanza kuyasahau. Nilimwambia nitaandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha maabara: kinajua kuuliza joto la maji na kuagiza pampu, lakini hakijui kusimulia. Alicheka. Yeye alizaliwa Uvira, akaja Buffalo akiwa mtoto mdogo, na wazazi wake bado wanakaa Black Rock karibu na mto. Akaniambia, "Maman Zuhura, andika tu. Nitasoma pole pole." Basi naandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma yake, ambao wengi wao watadhani kazi hii ni ya kutazama samaki. Si ya kutazama samaki. Ni ya kuogopa kwa mpangilio, tangu asubuhi unapofungua mlango hadi jioni unapoufunga na kurudi kuhakikisha kwamba umeufunga.

Sitazungumzia vyeo. Nilipewa viwili vitatu, na tofauti niliyoiona ni kwamba meza yangu ilisogezwa karibu na dirisha.

Nilianzia Louisville, mji wa Marekani ulio bara, mbali na bahari. Mume wangu Saidi alikuwa anasomea uhandisi huko, nami nilimfuata na stashahada yangu ya uvuvi niliyoipata nyumbani Tanzania. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuwa najua habari za dagaa na migebuka, jinsi ya kuwakausha na jinsi ya kupima mafuta yao. Mji wa Louisville haukuwa na haja na ujuzi huo. Baada ya miezi ya kukunja mashuka hotelini, niliona tangazo la chuo kimoja kinachotafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara ya baiolojia ya bahari. Nilijiuliza bahari imefikaje Kentucky. Nikaenda.

Mwenye maabara alikuwa Dakta Carol, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, nywele zimekatwa fupi kama za mwanajeshi. Alikuwa akichunguza samaki wa Antaktika, wale wanaoishi katika maji ya chumvi yenye baridi kupita sifuri bila damu yao kuganda. Wana kitu katika damu ambacho hukamata punje ya barafu kabla haijakua. Utafiti wake uligharimiwa na mpango wa taifa wa utafiti wa ncha ya kusini, kama ilivyo kwa karibu kila mtu anayefanya kazi hii nchini hapa. Hakuna chuo kinachoweza kujinunulia meli ya kuvunja barafu. Kwa hiyo riziki ya kila mmoja wetu ilining'inia kwenye uamuzi wa watu wa Washington ambao hatukuwahi kuonana nao, na ambao sidhani waliwahi kuona samaki hao.

Siku ya kwanza aliniingiza kwenye chumba cha baridi. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Julai. Akaniangalia miguu, akatoka, akarudi na mabuti yake mwenyewe ya akiba, makubwa kama mitumbwi. Halafu akanionyesha jambo ambalo nimelifanya kila siku tangu hapo: akaweka kiganja kwenye bomba linaloingia kwenye mashine ya kupoza, akafumba macho, akanyamaza kama daktari anayesikiliza kifua. Akaniambia kipimajoto kinakwambia kilichokwisha tokea, lakini bomba hukwambia kinachokuja. Niliweka kiganja changu. Sikusikia kitu. Ilinichukua muda mrefu kabla sijaanza kusikia, na nilipoanza kusikia sikupata tena amani.

Nilikuja kuajiriwa kwa vyombo, nikabaki kwa mashine. Carol alipohamia Columbus, alinitaka niende naye. Saidi alikuwa amemaliza masomo, akapata kazi huko huko, na binti yetu Zuhura alikuwa bado anabebwa. Tulipanga nyumba Linden, yenye dirisha lisilofungika vizuri, na baridi yetu ya kwanza Ohio tuliipokea chumbani pamoja na theluji yake. Miaka mingi baadaye tulihamia Westerville, ambako madirisha hufungika na majirani pia.

Columbus ndiko tulikopata samaki walio hai. Louisville tulikuwa na nyama tu iliyogandishwa kwenye vichupa. Kumweka hai samaki wa Antaktika katikati ya Ohio ni jambo la kiburi, na nadhani Carol alilijua hilo. Tangi lilikuwa kubwa kama chumba cha kulala, limezungushiwa kuta nene, na maji yake ilibidi yakae chini kidogo ya sifuri mchana na usiku, kiangazi na masika. Yakipanda kidogo tu, kiasi ambacho mtu akitumbukiza mkono bado anapiga kelele kwa baridi, samaki wale huanza kuhema kama wana homa, kisha hufa.

Fundi wa majokofu wa chuo alikuwa Mkongo wa Bukavu, tukimwita Papa Mugisho. Alifika Columbus na mkewe na watoto baada ya miaka ya kambini, akasomea upya ufundi aliokuwa anaujua tangu ujana, kwa sababu hapa cheti cha kule hakisomeki. Alikuwa mtu wa mwili mnene, mpole, mzee wa kanisa, na tabia moja iliyoniudhi: alikuwa haogopi. Mimi nikimpigia simu kwamba bomba limebadilika sauti, atakuja akitembea.

"Bon, Mama Zuhura," atasema, "mashini haiyakufa. Iko inachoka tu, kama weye."

Kwa kawaida alisema kweli. Safari moja hakusema kweli. Alishikilia kwamba kompresa, moyo wa mashine ya kupoza, imekwisha, inunuliwe nyingine, na tulikuwa tumeshaanza kuulizia, ndipo Carol akaingia nyuma ya tangi kwa tumbo akatoka na waya mdogo wa kupimia joto uliokuwa umelegea. Papa Mugisho alicheka siku nzima, akamwambia kila mtu wa jengo zima. Namtaja hapa kwa sababu vijana wengi huficha kosa dogo mpaka linakuwa kubwa. Yeye aligeuza lake kuwa hadithi ya kanisani.

Kiangazi kimoja dhoruba ilikata umeme wa mtaa mzima, alasiri. Jenereta ya jengo iliwaka, ikakohoa, ikazima. Joto la nje lilikuwa la kuyeyusha lami. Carol alikuwa mkutanoni mji mwingine. Nilisimama na kiganja kwenye bomba, nikalisikia likinyamaza kidogo kidogo. Mwanafunzi mmoja wa shahada alikimbia akarudi na mifuko ya barafu kutoka vituo vyote vya petroli. Nilimshukuru, lakini barafu ya maji matamu hukaa kwenye sifuri, na sisi tulihitaji kwenda chini ya hapo. Barafu ikichanganywa na chumvi ndiyo hushuka. Papa Mugisho akasema dukani kuna magunia ya chumvi ya kulainishia maji ya nyumba. Akaenda na lori lake. Tukachanganya barafu na chumvi kwenye ndoo, tukajaza mchanganyiko huo kwenye chupa za plastiki, tukazifunga sana ili zisivuje, tukazitupa kwenye tangi, tukazitoa, tukajaza tena. Vidole vilikufa ganzi. Samaki wawili walielea kabla umeme haujarudi. Wengine walihema, wakatulia. Carol aliporudi alitazama tangi, akatazama mikono yetu, akaenda kuleta chai.

Samaki huletwa na watu, na ilifika zamu yangu kuwa mmoja wao. Msaidizi wa Carol aliumia mguu wiki chache kabla ya msimu wa Antaktika, na mtu mwingine aliyekuwa tayari kwa vipimo vya daktari nilikuwa mimi. Zuhura alikuwa darasa la nne. Aliniuliza kwa Kiingereza kama kuna hospitali huko. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba ipo, ndogo. Akaniuliza ndogo kiasi gani. Saidi akamwambia ale chakula chake.

Sitasimulia uzuri wa kule. Wengine wamesimulia, na mimi muda mwingi nilikuwa natazama chini. Kazi yangu ilikuwa kulinda shimo. Barafu ya bahari hutobolewa kwa mtambo, shimo la upana wa kumtosha mtu na mizigo yake, na juu yake husimamishwa kibanda cha mbao chenye jiko dogo. Wapiga mbizi huingia kupitia shimo hilo na hutoka kupitia hapo hapo. Maji ni maangavu ajabu, kwa hiyo hawafungwi kamba. Hushushwa kamba moja yenye taa na vibendera, ili wakitazama juu waone mlango uko wapi. Mbali kidogo hutobolewa shimo la pili, la dharura, ambalo mlinzi lazima alivunje utando wake kila mara kwa sababu hukimbilia kuganda.

Siku ninayotaka kuisimulia, Carol alikuwa ameingia na mwenzake, mwanasayansi kijana aitwaye Tomas. Nilikuwa nimekwisha kulisafisha shimo la pili. Niliketi kibandani nikitazama mapovu yao yakija na kupasuka. Kisha maji yakainuka, na kichwa kikubwa cha sili, mnyama wa bahari anayevuta hewa kama sisi, kikajitokeza, madoadoa, masharubu yana barafu. Alijaza shimo lote kama kizibo kwenye chupa. Akaanza kupumua kwa nguvu, akiniangalia kwa macho meusi yasiyo na habari na mimi.

Sheria inakataza kumgusa au kumfukuza. Tulifundishwa hivyo, tena na sababu yake: huja kutoka mbali chini ya barafu, pumzi imemwishia, na ukimrudisha chini huenda ukamuua. Atapumua, ataondoka. Waliotufundisha walisema kwa kawaida haichukui muda mrefu. Lakini hawakuwa wamekaa pale wakijua kwamba chini ya tumbo la mnyama yule wako watu wawili ambao hewa yao iko kwenye mitungi.

Mapovu yao yalikuwa yakitoka pembeni ya mwili wake. Nikafahamu kwamba wako chini yake wanasubiri. Ikabidi niamue. Nikibaki, nitaweza kuwamulikia taa sili akiondoka. Nikienda shimo la pili, nitahakikisha liko wazi, lakini nitawaacha bila mtu. Nilisema shahada yangu, nikachukua mtaimbo, nikatoka. Upepo ulinisukuma kando. Shimo la pili lilikuwa tayari limefunga ngozi, nyembamba lakini ngumu kwa mtu anayetoka chini. Nilipiga, nikapiga tena, vipande vikaruka usoni. Nikaondoa barafu kwa mikono, nikateremsha taa ya akiba kwa kamba yake, nikaitikisa.

Tomas alikuja kwangu. Niliona kwanza mwanga, kisha kofia, kisha mkono ukashika ukingo. Nilimvuta kwa kamba za begani kwa nguvu ambazo sikuwa nazo. Alikuwa hawezi kusema kwa baridi ya midomo. Alinyoosha kidole kuelekea kibandani. Carol alikuwa amebaki kule.

Nilikimbia. Sili alikuwa angalipo. Alivuta pumzi ndefu mara ya mwisho, akajikunja, akazama bila kurusha hata tone, na maji yakabaki yanacheza matupu. Yalicheza hivyo kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Kisha Carol akatokea, na kitu cha kwanza alichonipa si mkono wake, bali wavu uliokuwa na samaki.

Baadaye, akiwa na blanketi na mikono yake imezunguka kikombe, aliniuliza kama sili alikaa sana. Nikamwambia alikaa. Akasema walau yule alipata kupumua. Mimi sikuweza kunywa chai yangu, ilikuwa inamwagika. Akaitazama.

"Kesho utarudi kulinda shimo?" akauliza.

"Nitarudi."

"Basi hofu hiyo uje nayo. Nisingependa kulindwa na mtu asiyekuwa nayo."

Nilirudi kesho yake na msimu wote. Samaki wa siku ile na wengine wa msimu huo walipanda ndege za mpango wa taifa, wakashuka kaskazini, wakafika Columbus wakiwa hai, isipokuwa wachache. Carol alikataza kuwapa majina. Alisema huwezi kukipasua kitu chenye jina. Papa Mugisho hakuwa mtu wa kuwapasua, hivyo aliwapa majina ya mitaa ya kwao Bukavu, na miaka ilivyokwenda, wengine wakafa na wengine wakatumika katika utafiti, wakabaki watatu: Kadutu, Ibanda na Bagira. Carol aliwaita kwa namba zao.

Kisha ukaja wakati ambao nyinyi vijana mnaujua, maana bado mmo ndani yake. Habari zilianza kidogo kidogo. Safari fulani imeahirishwa. Meli fulani haitakodiwa tena. Msimu ujao nafasi ni chache, walioomba ni wengi. Kila tulipofungua barua pepe mabega yalipanda. Wanafunzi wa shahada walianza kuuliza juu ya kazi za viwanda vya dawa, wakiwa wamefunga mlango. Mwishoni fedha za Carol hazikuhuishwa. Alikuwa na umri ambao wengine walikuwa wameshastaafu zamani, na chuo kikasema chumba kinahitajika.

Nyama iliyogandishwa, kazi ya maisha yake yote, ilipata mwenyeji: maabara ya chuo kimoja Buffalo, ambayo ilikuwa na tangi la baridi pia. Wakasema samaki nao watawapokea wakifika hai. Waliniomba mimi pia. Carol hakuulizwa, na hakutegemea kuulizwa.

Tulichagua Februari makusudi, tukidhani baridi ya njiani itatusaidia. Vichupa viliwekwa kwenye masanduku yenye barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji. Samaki waliwekwa mmoja mmoja kwenye mapipa mafupi yenye vifuniko, na vipampu vya betri vya kuwapulizia hewa. Papa Mugisho, ambaye alikuwa amechukua likizo kwa ajili yetu, aliendesha lori, mimi nikiwa pembeni yake. Carol alitufuata kwa gari lake dogo. Saidi alitaka kuja, nikamwambia abaki. Mtu mmoja wa nyumba yetu kuwa na wasiwasi barabarani alitosha.

Tulipita Cleveland salama. Karibu na Erie ziwa likatutupia theluji yake yote. Mnaokaa Buffalo mnaijua theluji ile ya ziwani, inavyoshuka kama pazia. Magari yakapunguza mwendo, yakasimama, yakazimika. Polisi alipita kwa miguu akigonga vioo, akatuambia mbele kuna malori yamefunga njia, tukae ndani, na tuondoe theluji nyuma ya bomba la moshi tusije tukalala tusiamke.

Nilikwenda nyuma kutazama samaki, nikaona jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kuliogopa. Nilizoea kuogopa joto. Sasa ukingoni mwa mapipa sindano za barafu zilikuwa zimeanza kuota, na mirija ya hewa ilikuwa inaziba. Samaki wale damu yao haigandi, lakini maji yakigeuka jiwe hakuna damu ya kuwasaidia. Tulihamisha mapipa. Mawili yaliingia mbele ya lori kwa shida, moja miguuni, moja mapajani mwangu. La tatu, la Ibanda, Carol alilitaka kwenye gari lake.

Mbele ya lori tuliishi kwa kioo cha mlango. Tukikifungua, maji yanaanza kuganda. Tukikifunga, pumzi zetu zinayapasha. Nilishika kipimajoto na Papa Mugisho alishika kioo, nikimwambia juu, nikimwambia chini, naye akitetemeka ndani ya makoti mawili.

"Njo baridi ya kweli hii," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa na hofu, na haikunifariji.

Giza lilipoanza kuingia, nilimwachia pipa, nikashuka kumtazama Carol. Injini yake ilikuwa imezimwa. Vioo vilikuwa vimeganda kwa ndani. Alikuwa ameketi wima, pipa kwenye kiti cha pembeni, mkono wake mmoja umo ndani ya maji akivunja barafu kwa vidole, na vidole vile vilikuwa vyeupe kama nta. Nilimwita. Alinijibu polepole, akinieleza kwamba akiwasha hita maji yatapanda haraka, gari ni dogo, na kwamba anaendelea vizuri. Maneno yake yalikuwa yanakokotana kama ya mtu aliyelewa. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe mbele yangu.

"Washa hita, Carol," nikasema.

"Bado kidogo."

"Washa."

Hakuwasha. Nilizunguka upande wa pili, nikafungua mlango, nikalitoa pipa. Alilishika kwa mkono ule usio na nguvu, na mkono ukateleza. Nililifukia kwenye theluji ubavuni mwa gari, nikijua theluji hukinga upepo, nikaacha kifuniko juu na pampu inafanya kazi. Nikarudi, nikawasha gari mwenyewe, nikamwekea mikono yake kwapani mwangu, ndani ya koti, tukakaa hivyo. Alilia kwa maumivu vidole vilipoanza kuamka.

Betri ya pampu haikuhimili baridi. Nilipotoka kulitazama pipa, lilikuwa kimya. Carol alishuka, akapiga magoti kwenye theluji, akafungua kifuniko, akatazama muda.

"Ibanda ameondoka," akasema.

Sikuwahi kumsikia akimwita samaki jina kabla ya hapo. Njia ilipofunguliwa, nilimpeleka Carol mimi kwa gari lake, kwa kuwa mikono yake haikuweza usukani, na Papa Mugisho akatutangulia na mapipa mawili. Nimeulizwa na watu kama ninajuta. Sijuti. Lakini kutojuta si sawa na kulala usingizi.

Kadutu na Bagira waliingia kwenye tangi la Buffalo wakiwa hai. Carol alisimama ukingoni, vidole vimefungwa bendeji, akiwatazama wakishuka chini na kujilaza kwenye kokoto kama wanavyopenda.

"Ningeendelea kukaa mle," aliniambia. "Najijua. Ningeendelea kukaa."

Nikamfunga upya bendeji iliyokuwa imelegea.

Saidi alinifuata baada ya mwaka, tukapata nyumba Black Rock, ya zamani, ya bei ya watu. Hapo ndipo Furaha alipoingia katika kazi hii. Alikuja akiwa amemaliza chuo, kanisani kwao wamemwambia kuna mama Mtanzania anayefuga samaki wa barafu. Siku ya kwanza nilimwambia aweke kiganja kwenye bomba. Akaniambia hasikii kitu. Nikamwambia vizuri, endelea kutosikia kwa uaminifu, siku moja utasikia. Kadutu alikufa akiwa mzee. Bagira aliendelea. Nilistaafu akiwa hai, na nadhani nilichelewesha kustaafu kwa ajili yake, jambo ambalo Saidi husema mbele ya wageni.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu, Furaha alinipigia asubuhi. Alisema Bagira amelala upande. Nilichukua basi. Nilipofika, alikuwa bado anafungua na kufunga kinywa, mara chache, kisha akaacha. Furaha aliniuliza kama nataka kumpasua mimi. Nikamwambia hapana, kazi ni yako. Alimpasua vizuri. Ini, misuli, damu, kila kitu kikaenda kwenye vichupa na kutumbukizwa kwenye naitrojeni ya kugandishia. Nilikuwa nashika trei tu.

Jioni nilimpigia Carol, ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya wazee Westerville. Nilimweleza. Akauliza kama mkono wa msichana ulitulia alipompasua. Nikamwambia ulitulia. Akasema vizuri, akaniuliza habari za Zuhura.

Nilidhani watazima tangi. Umeme wake ni mwingi, na hakuna ajuaye kama mpango wa taifa utatuma mtu kusini msimu ujao, au kama atakayekwenda atapata nafasi ya kurudisha samaki hai. Lakini Furaha alimwendea mkuu wa maabara akamweleza kwamba maji yale yana uhai wake. Kwenye chujio huishi vijidudu visivyoonekana ambavyo husafisha uchafu wa samaki. Ilichukua mwaka kuvikuza katika baridi ile, na visipopata chakula vitakufa. Tangi likizimwa leo, samaki wakija kesho hawatakuwa na pa kuingia. Mkuu alimpa mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Kwa hiyo kila asubuhi Furaha huvaa mabuti, huweka kiganja kwenye bomba, kisha hukata kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini na kukitupa kwenye tangi lisilo na samaki, ili kioze na kuwalisha wale wasioonekana. Mwaka wa masomo unakaribia kwisha. Mimi niko nyumbani, simu iko mezani, na sijui kama atapiga kuniambia wameongeza muda au wamezima. Jana nilishindwa kuvumilia, nikampigia mwenyewe, nikamuuliza maji yakoje.

"Bado baridi, Maman," akasema. "Nimeyalisha."